Herufi Sita za Kwanza

Sikuanza na A. Walioniuliza sababu niliwajibu kwamba mtu mzima hafundishwi kama mtoto, na kwamba kila herufi ina uzito wake. Hayo ni kweli, lakini si kweli yote. Nilianza na M kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa na jina, na jina hilo lilianza na M.

Kwetu hapa Lombok mwanamke akishazaa, jina lake linakunjwa na kuwekwa sandukuni. Nilipomzaa Rumisah nikawa Inaq Rumisah, mama yake Rumisah, na mama mkwe wangu siku ile ile akawa Papuq Rumisah, bibi yake Rumisah. Kabla ya hapo alikuwa Inaq wa mume wangu. Kumwita mtu mzima kwa jina alilopewa na wazazi wake ni kama kumvua nguo njiani. Basi yule mama, aliyezaliwa akaitwa Sinah, alikuwa na zaidi ya miaka hamsini hajasikia mtu akitamka Sinah.

Lilibaki mahali pamoja tu, au hivyo ndivyo alivyoamini. Wanawake wa kijiji chetu ni wafumaji, na kitambaa kikitoka kwenye kitanda cha kufumia hushonewa lebo ndogo pembeni yenye jina la mfumaji. Lebo zilitoka mjini, zikaletwa na Mardiah. Yeye ndiye aliyetugawia nyuzi, ndiye aliyepokea vitambaa na kuvipeleka dukani kwake barabarani, na kwa kuwa alikuwa amehiji, hakuna aliyemwita ila Inaq Tuan. Alizigawa lebo kwa vifurushi. Kifurushi cha uzi mwekundu cha mama mkwe wangu, cha kijani cha Inaq Kemah jirani yetu, cha njano cha fulani. "Usichanganye," aliwaambia, "usije ukamshonea mwenzio jina lako." Wanawake kumi na wanane walizishika lebo zile kwa mikono iliyonawa.

Mimi miaka hiyo nilikuwa Malaysia na mume wangu, kwenye mashamba ya michikichi. Mungu alimchukua huko, akazikwa huko. Rumisah akaolewa huko. Nikarudi peke yangu kumtunza mama mkwe wangu, kwa sababu alikuwa mwema kwangu tangu siku niliyoingia nyumbani kwake, na kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na ukungu.

Wiki ya kwanza tu aliniletea kikapu cha lebo.

"Mwanangu, wewe umefika darasa la sita. Nisomee. Nimelishona jina langu miaka thelathini, sijawahi kulisikia likisomwa."

Nikachukua lebo moja. Ilikuwa na herufi saba zilizotarizwa kwa uzi wa dhahabu. Nikaangalia ya pili na ya tatu. Zote ziliandikwa MARDIAH.

Alikuwa amekaa mbele yangu kainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayengoja kumwagiwa maji ya baraka.

"Sinah," nikasema.

"Tena."

"Sinah."

Akacheka akaziba mdomo kwa kitambaa cha kichwa, mwanamke wa miaka sabini na ushee. "Na kile kitambaa changu kilichowekwa kwenye kioo pale ukumbi wa wilaya, nacho kina hili hili?"

"Nacho, Inaq."

Nimewahi kusema uongo katika maisha yangu, Mungu anisamehe, lakini sijawahi kusema uongo mara tatu kwenye pumzi moja. Jioni ile nilikwenda kwa Inaq Kemah kuomba chumvi, nikatupia jicho kifurushi cha uzi wa kijani. Mardiah. Kwa yule wa njano, Mardiah. Binti mmoja aitwaye Seriah, mwenye miaka kumi na sita, alikuwa amemaliza kitambaa chake cha kwanza. Kwetu msichana haolewi kabla ya kitambaa hicho, ndicho ushahidi wa mikono yake. Na ushahidi wa Seriah ulikuwa unaning'inia dukani kwa jina la mwanamke wa miaka hamsini na mitano.

Mtasema ningepiga kelele. Niliwaza hivyo. Lakini dada yake Inaq Kemah aliwahi kubishana na Mardiah juu ya nyuzi mbovu, na tangu siku hiyo hakupewa uzi wala hakuna aliyepokea kitambaa chake. Kitanda chake cha kufumia kilikaa darini miaka miwili, panya wakakitafuna. Na zaidi ya hapo, nani angeniamini? Mimi mgeni kwa kuolewa, mjane aliyerudi juzi, kijiji kizima wanawake wanaojua kusoma ni mimi na mke wa mwalimu ambaye hakufuma. Msomaji mmoja huitwa mzushi. Wasomaji kumi na wanane ni mashahidi.

Baada ya sala nilimwomba Mungu subira. Sikumwomba moyo wa kusamehe. Hilo nilimwambia tutazungumza baadaye.

*

Nikafungua darasa kwenye berugaq yetu, baraza lile la nguzo sita lisilo na kuta, kila siku baada ya Alasiri. Walikuja wanawake saba mwanzoni, wengine kwa kutaka, wengine kwa umbea. Sikuwa na kitabu. Nilikuwa na mkaa, ubao wa mlango uliovunjika, na herufi sita nilizozichagua: M, A, R, D, I, H. Sikuziandika kamwe kwa mpangilio ule. Leo A na I, kesho H, keshokutwa D.

"A ni paa la ghala la mpunga," niliwaambia. "H ni ngazi ya ghala, kipago kimoja. I ni fimbo ya kufumia imesimama. D ni mwanamke mjamzito ameegemea ukuta."

"Mwezi wa ngapi?" akauliza Inaq Kemah.

"Wa nane."

"Basi si Inaq Sahnun, yule wa nane anakuwa kama O." Watu wakacheka mpaka mume wa Inaq Sahnun naye akacheka.

Huyo mume, Amaq Sahnun, yaani baba yake Sahnun, alikuwa mwanamume pekee darasani. Alikuja kwa sababu mwanawe alimwandikia barua kutoka Sabah, huko huko Malaysia, na alichoka kumpelekea mwalimu asomewe siri za nyumbani kwake. Qurani aliisoma vizuri kuliko sisi sote, na hilo ndilo lililomponza: kila neno alilianza kulia. Nikiandika DAMI yeye anasoma IMAD, kwa sauti ya kujiamini kama imamu.

"Amaq," Inaq Kemah akamwambia, "huko unakokwenda ni Makka. Sisi tunakwenda mjini, Mataram."

"Makka ni mbali lakini kuna thawabu."

Nikamfunga kamba nyekundu kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. "Anzia ulikofungwa, Amaq." Baada ya wiki mbili hakuhitaji kamba, lakini hakuivua.

Seriah alikuwa na tabu nyingine. Alikaa shule miaka minne akatoka hajui kitu, na kila mtu alimwita mjinga. Nilimwangalia. Akifuma hakosei uzi hata mmoja. Lakini akitazama maneno jicho lake lilirukaruka kama panzi kwenye mpunga, na akiambiwa asome mbele ya watu alitokwa jasho. Nikachukua kipande cha mwanzi, nikakitoboa dirisha dogo la kutosha silabi moja, nikamwambia akisogeze juu ya neno. Vingine vyote vikafichika. Na sikumsomesha mbele ya mtu mpaka awe ameshalisoma neno lile nami peke yetu mara tatu. Siku ya kwanza aliposoma hadharani, mama yake alikuwa anapita na ndoo. Aliiweka chini akasimama pale pale mpaka mwisho.

Inaq Kemah alikuwa mwepesi, na wepesi ndio ulikuwa ugonjwa wake. Aliona herufi ya kwanza akakisia zilizobaki. Nikamwambia mbele ya watu, "Ukikisia utakula sumu." Akacheka. Siku iliyofuata nilipika kahawa, nikaweka makopo mawili yaliyofanana, juu ya kila moja karatasi yenye jina la kilichomo. Majina yote mawili niliyachagua yaanze kwa herufi moja. Akakisia lipi ni la sukari, akachota kijiko kimoja, viwili, vitatu. Alipokunywa, akatema mpaka kwenye ua wa jirani.

"Chumvi! Wewe mwanamke una roho mbaya!"

"Kopo limeandikwa. Mimi sikukuficha kitu."

Nilipolisema hilo, nilijua kwamba siku moja nitamwambia mtu mwingine maneno hayo hayo.

Mama mkwe wangu ndiye niliyemfikiria zaidi. Ubao hakuuona. Nikachukua vipande vya kitambaa, kila kimoja nikatariza herufi moja kubwa kwa uzi mnene, akawa anazisoma kwa vidole. Vidole vile vilikuwa vimehesabu nyuzi tangu utoto. Vilijifunza kabla ya akili yake.

Na nikaweka sheria moja, ambayo wengine hawakuipenda: anayepata herufi mpya hapewi nyingine mpaka amfundishe aliyeketi kushoto kwake. Wenye haraka wakalazimika kuwangoja wazito, na wazito wakafundishwa na mtu anayekumbuka bado jinsi kutojua kulivyo. Mimi mwenyewe nilikaa nikitazama.

Wiki ya saba herufi sita zilikuwa zimeingia. Nikangoja.

*

Haikuchukua siku nne. Mama mkwe wangu alikuwa anashona lebo kwenye kitambaa kipya, nami napepeta mchele. Nikaona kidole gumba chake kimesimama. Kikarudi nyuma. Kikaenda tena, polepole, kama mtu anayepapasa njia gizani.

"Ma," akasema. "R. Di. Di... ah."

Nikaweka ungo chini.

"Mardiah." Akachukua lebo nyingine, akaipapasa, akaitupa, akachukua nyingine. Alipofika ya sita akaacha. "Wewe uliniambia Sinah."

"Nilikuambia."

"Mara tatu."

"Mara tatu, Inaq. Sikuweza."

Hakupiga kelele. Aliamka akaingia ndani. Siku tatu hakunisemesha. Alikula nilichopika, aliitikia salamu kwa kichwa, akaswali upande wa pili wa chumba. Nimefiwa na mume, nimefukuzwa kazi nchi ya watu, lakini siku tatu zile sizitaki tena.

Ijumaa, baada ya sala, akanikuta kisimani.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na Mungu."

"Basi sasa tumekuwa watatu." Akanyoosha kiganja. "Nipe herufi zangu. Zimebaki ngapi?"

"Mbili tu. S na N."

Alizijua zote mbili kabla ya magharibi. Nilitariza SINAH kwenye kipande cha kitambaa cheusi, akakiweka ndani ya nguo kifuani.

Jumamosi nikamgawia kila mfumaji lebo ya kifurushi chake. "Someni."

"Jumenah!" Inaq Kemah akaruka. Ndilo jina lake la kuzaliwa.

"Usikisie. Kumbuka kahawa."

Akaitazama tena. Seriah alikuwa na dirisha lake la mwanzi, anasogeza, anasogeza, midomo inatikisika. Yeye ndiye aliyemaliza kwanza. Akaniangalia akauliza, "Kitambaa changu cha kwanza?"

"Nacho."

Inaq Kemah akasimama. "Nakwenda kumng'oa meno."

"Kaa," akasema mama mkwe wangu.

"Papuq, miaka ishirini na miwili! Nimezishika kwa udhu!"

"Nimesema kaa. Ukimng'oa meno ataonewa huruma, ataletewa uji. Mimi sitaki aletewe uji. Aliiba kwenye kitambaa, atalipia kwenye kitambaa, na watu wakitazama. Mpaka siku hiyo kila mtu ashone lebo zake kama kawaida, na akikutana naye amwamkie."

Walishona na walimwamkia. Sikujua kama wanawake saba wanaweza kunyamaza, lakini walinyamaza. Darasa likakua na herufi zikaongezeka, wakawa kumi, kumi na tatu, mpaka wafumaji wote walikuwa wamesoma lebo zao na kumeza walichosoma.

*

Mwezi ule ule aliposoma wa mwisho, tukasikia kwamba mke wa mkuu wa wilaya atakuja kijijini kufungua ukumbi wa wafumaji. Mardiah akaja mwenyewe kwenye berugaq, manukato yametangulia.

"Masha Allah, Inaq Rumisah. Umefungua shule ya wafu? Papuq, unajifunza kusoma, huko kaburini kuna gazeti?"

"Kuna maswali, Inaq Tuan," mama mkwe wangu akajibu. "Nataka nijue kuyajibu."

Mardiah akacheka, akageukia kwangu. Alitaka kitambaa cha zawadi kwa mgeni, chenye maneno yaliyofumwa katikati. Wafumaji wetu hufuma herufi kama wanavyofuma ua au mjusi: wanachorewa kwenye karatasi ya mirabamiraba, wanahesabu miraba, wanahesabu nyuzi. "Wewe una mwandiko. Nichoree. Uandike: Mardiah aliyefuma kitambaa hiki anakukaribisha."

Nilikuwa nimemtazama mwanamke yule kwa miezi. Nilikuwa nimeona kwamba barua ikija humwambia mjumbe aisome kwa sauti ili wote wasikie, na kwamba kusaini anasaini, lakini polepole, kama mtu anayechora kuku. Nikataka kujua. Nikaandika MARDIAH vizuri, na baada yake nikajaza upuuzi: herufi tu, zisizosema kitu.

Akaichukua karatasi. Akaweka kidole kwenye jina lake. "Hapa nipo." Macho yake yakapita juu ya yaliyobaki bila kutua popote. "Umeandika kama nilivyosema?"

"Nilichoandika ndicho hicho unachokiona, Inaq Tuan."

"Vizuri. Upana usizidi miraba mia mbili."

Alipoondoka, nilikaa. Basi na yeye hakujua. Alikuwa amelikariri umbo la jina lake kama sisi tunavyokariri umbo la mjusi, na kwa umbo hilo moja alikuwa ametufunika sote. Nilingoja nione kama moyo wangu utamhurumia. Haukumhurumia. Ulifurahi, kwa sababu sasa nilijua mlango wa nyumba yake uko wapi.

Niliichoma karatasi ile nikachora nyingine. Niliyahesabu maneno yangu mpaka yakatosha miraba mia mbili bila kupungua wala kuzidi. Inaq Kemah na Seriah walifuma kwa zamu. Walipofika kwenye jina la Sinah mama mkwe wangu akawaondoa, akaketi mwenyewe, akanyoosha miguu, akajifunga ule ubao wa mgongoni unaovuta nyuzi. Kwa mtu mwenye macho ni kazi ya siku moja. Yeye alichukua siku tisa. Kila uzi aliupapasa mara mbili.

Kitambaa kikaisha siku mbili kabla ya mgeni. Mardiah akaja kukikagua. Sasa, mfumaji wa kwetu hakagui kitambaa usoni. Uso hupakwa poda, husema mzee wetu yeyote, mgongo haujui kudanganya. Akakipindua, akapitisha kucha nyuma yake yote akitafuta mafundo na nyuzi zilizokatika. Hakupata. Akahesabu upana kwa shubiri. Sawa. Mwisho kabisa akakigeuza, akatafuta umbo lake, akaliona mwanzoni, limefumwa kwa dhahabu.

"Mimi huyu hapa," akasema.

"Ndiyo wewe, Inaq Tuan," akasema mama mkwe wangu. "Umetangulia wote."

*

Siku ya ukumbi watu walijaa mpaka kwenye matuta ya mashamba ya mpunga. Mke wa mkuu wa wilaya alikuwa mama wa heshima, mkimya, mwenye miwani. Mardiah akashika kipaza sauti. Akaeleza alivyokilea kijiji. Akaeleza kila kitambaa kilichotoka hapa na jina lake. Halafu, kwa kuwa mwizi akizoea haachi hata jiwe la kutegea mlango, akaongeza:

"Na si kufuma tu, Mama. Wanawake hawa walikuwa vipofu wa herufi. Hata kusoma nimewafundisha mimi."

Inaq Kemah akanifinya paja mpaka leo nina alama.

Mardiah akakikunjua kitambaa mwenyewe, akakiinua juu kwa mikono miwili, uso wake ukiwa nyuma yake. Mgeni akasogeza miwani. Niliyaona macho yake yakienda kushoto kuja kulia, yakarudi, yakaenda tena. Alikuwa mtu mwenye akili, namshukuru Mungu kwa hilo.

"Umewafundisha wewe kusoma?"

"Mimi, Mama."

"Basi nisomewe. Na yeyote kati yao."

Mardiah akatabasamu, akageukia upande wetu. "Haya, mmoja wenu."

Mama mkwe wangu alikuwa ameshasimama. Seriah alimshika mkono mpaka mbele. Akakigusa kitambaa, akakipapasa mpaka akaipata pembe ya kushoto, akaweka kidole. Mtu akamsogezea kipaza sauti.

"Mar-di-ah," akasoma. Mardiah akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Ha-ku-fu-ma. Ki-tam-baa. Hi-ki."

Kuna mtoto alikuwa analia nyuma. Nilimsikia peke yake.

"Ki-me-fu-mwa. Na. Si-nah." Hapo akasimama, akavuta pumzi, akalirudia bila kulikata. "Sinah. Jumenah. Seriah. Na wenzao kumi na watano."

Majina mawili ya kwanza kijiji chetu hakikuwa kimeyasikia kwa miaka mingi, la Sinah kwa zaidi ya hamsini. Wajukuu waliulizana Sinah ni nani. Mardiah alikuwa bado amekishika kitambaa juu, kwa sababu akikishusha uso wake utaonekana.

"Amekosea," akasema nyuma ya kitambaa. "Ni kizee, haoni."

"Kweli sioni," akasema mama mkwe wangu. "Basi na asome mwenye macho. Soma wewe, Mardiah."

Alimwita hivyo. Mardiah, kavu, mbele ya watu mia tatu.

Kitambaa kikashuka. Akakitazama. Watu wote wakamtazama akikitazama. Akaweka kidole kwenye jina lake, kisha kidole hakikujua kwenda wapi. Kikakaa pale pale. Akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye uliyechora! Umenificha!"

"Maneno yamefumwa kwa dhahabu, Inaq Tuan. Mimi sikukuficha kitu."

Inaq Kemah akaanza kucheka. Alicheka kicheko kibaya, cha miaka ishirini na miwili, na wengine wakamfuata mmoja mmoja, na mimi nilicheka nao. Sitasema nilijuta.

Jioni ile wanawake kumi na wanane walikwenda nyumbani kwa Mardiah, wakaweka vifurushi vya lebo kwenye kizingiti, nyekundu, kijani, njano, kila mtu chake. Mgeni alikwenda na kitambaa chetu, na baada ya mwezi akatuma gari limchukue mama mkwe wangu ukumbi wa wilaya. Walifungua kioo. Mwenyewe alikata ile lebo kwa meno, akashona nyingine, akaipapasa mara moja tu.

*

Mardiah alikaa ndani miezi mitatu. Duka lilifungwa. Kwenye kisomo cha Alhamisi watu walimwachia nafasi pana kuliko alivyohitaji. Halafu siku moja, Alasiri imeshapita, tukamwona amesimama karibu na nguzo ya berugaq, hana manukato, amebeba ubao mdogo wa mtoto.



"Kuna nafasi?" akauliza.

Inaq Kemah akafungua mdomo. Nikamtazama, akaufunga. Mimi nami sikujibu, kwa kuwa sikuwa mimi wa kujibu. Mama mkwe wangu akageuza kichwa kuelekea ile sauti. Kisha akajisogeza kidogo, akapiga mkeka kwa kiganja, upande wake wa kushoto.

Mardiah akaketi. Mama mkwe wangu akaingiza mkono kifuani, akatoa kile kipande cheusi nilichomtarizia, akakiweka kwenye magoti ya yule mwanamke na kumshika kidole.

"Hii ni S. Nyoka anayepanda. Pitisha."

"Papuq, jina langu linaanza na M."

"Najua linaanza na nini. Pitisha kidole."

Akapitisha.

"Hii I. Hii N. Hii A. Hii H. Haya, kwa pamoja."

Mardiah alinitazama kama mtu anayemwomba mwalimu amtetee. Nilikuwa nachonga mkaa.

"Si," akasema. "Si-nah."

"Tena."

"Sinah."

"Tena. Kwa sauti, Amaq Sahnun hasikii vizuri."

Kila Alasiri alianza hivyo, kwa jina hilo, mara tatu, kabla ya kupewa somo lolote. Ni mimi niliyepanga masomo yake, na kila mwanafunzi, nimeshasema, hupangiwa kwa kadiri yake. Alikuwa na akili nzuri, alijifunza haraka, na mama mkwe wangu alimfundisha kwa subira, bila tusi hata moja.

M nilimpa mwisho kabisa, baada ya miezi saba.